Talbot: Aliyegeuza Adui Kuwa Fundi

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyaamini maneno hayo siku nilipotambua kuwa aliyekuwa akimla babu yangu pale ukutani ni jua. Usishtuke, mpenzi msomaji. Babu mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa. Ninayemsema ni babu wa pichani.

Ilikuwa hivi. Nyanya alikuwa na picha moja tu ya marehemu mumewe, picha ya rangi iliyopigwa studio mjini Nakuru, babu akiwa amevaa koti la kijivu, ameketi wima kama askari. Picha hiyo ilikaa chumbani mwa nyanya, mahali penye giza. Nilipokuwa darasa la tatu nikajifanya mjuaji. Niliona si vyema babu kufichwa chumbani kama mgonjwa. Nikaomba ruhusa, nikapanda kiti, nikamtundika sebuleni mkabala na dirisha ili kila mgeni amwone. Nyanya alifurahi, nami nikafurahi. Jua nalo lilifurahi zaidi, maana kila asubuhi lilimpiga pale pale usoni. Nilipofika kidato cha pili, koti lilikuwa limepauka na uso umekuwa kama wingu. Negativi tuliitafuta tusiione. Nyanya hakunikemea. Aliitoa picha msumarini, akaipangusa kwa ncha ya leso, akairudisha chumbani bila kusema neno. Heri angenikemea!

Ndiyo sababu siku Mwalimu wetu wa Kemia alipotusimulia habari za Mwingereza mmoja aliyekuwa na ugomvi na mwanga, nilitega masikio kama sungura. Tangu hapo nimesoma habari zake kila nilipozipata, na leo nimeona si vibaya niwagawie wanachama wenzangu.

William Henry Fox Talbot alizaliwa tarehe 11 Februari 1800 huko Melbury, kusini mwa Uingereza. Hakuwahi kumjua babake. Mzee alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi mitano tu, akaacha madeni chungu nzima na jumba la Lacock Abbey, ambalo zamani lilikuwa makao ya watawa wa kike. Jumba lenyewe ikabidi likodishwe kwa wengine. Mamake, Lady Elisabeth, alikuwa mama mwerevu na mkakamavu. Alipangapanga mambo hadi mali ikasimama tena, na mwaka 1804 akaolewa na afisa wa jeshi la majini aliyemlea kijana kama wake. Talbot alihamia Lacock mwaka 1827, akaishi humo hadi mwisho wa maisha yake.

Shuleni alikuwa moto wa kuotea mbali. Alisoma Harrow, na huko majaribio yake ya kemia yalikuwa na vishindo vya kutisha hata mwalimu mkuu akampiga marufuku. Unadhani aliacha? Wacha bwana! Alimtafuta mhunzi mmoja mwenye moyo mwema, akamwomba nafasi, akaendelea kulipua vitu vyake kule kwenye karakana. Baadaye alijiunga na chuo cha Trinity, Cambridge, ambako alipata tuzo kwa utunzi wa mashairi ya Kigiriki na bado akang'ara katika hesabu. Kwa hiyo wale wetu wanaosema kwamba mtu wa lugha hawezi sayansi, na wa sayansi hawezi lugha, jibu lao ni hilo. Mwaka 1831 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi jijini London, na mwishoni mwa 1832 alichaguliwa kuwa mbunge wa Chippenham.

Lakini kila mtu na upungufu wake. Talbot hakujua kuchora.

Mnamo Oktoba 1833 alikuwa matembezini kando ya Ziwa Como, Italia, pamoja na mkewe Constance waliyefunga ndoa Desemba iliyotangulia. Mandhari ya pale ni ya kuvutia, na wenzake walikuwa wakiichora bila taabu. Yeye alikuwa na kifaa cha kioo kilichokuwa kikionyesha sura ya mandhari juu ya karatasi, ili mtu afuate tu kwa kalamu. Hata hivyo mkono ulimkataa. Alipotazama karatasi yake aliona michirizi ya kutia huruma. Hapo ndipo alipojiuliza: ikiwa mwanga unaileta sura yote hadi juu ya karatasi, mbona usiachiwe uichore wenyewe?

Aliporudi nyumbani alianza majaribio mwaka 1834. Alichovya karatasi nzuri ya kuandikia katika maji ya chumvi ya kawaida, akaikausha, kisha akaipaka nitrati ya fedha. Viwili hivyo vikikutana huzaa kloridi ya fedha, ambayo ikipigwa na jua hugeuka nyeusi. Aliweka jani juu ya karatasi, akaanika juani. Palipofunikwa na jani pakabaki peupe, kwingine kote kukawa kweusi. Mwaka 1835 alitumia kamera ndogo ndogo za mbao zilizotengenezwa na seremala wa pale pale kijijini. Alizitega huku na huku kuzunguka jumba, hata Constance akaziita mitego ya panya. Agosti mwaka huo mtego mmojawapo ulinasa dirisha la Lacock. Picha yenyewe ni ndogo kama stempu, lakini Talbot aliandika kwamba ilipokuwa mpya, mtu aliyeshika lenzi angeweza kuhesabu vioo karibu 200 vya dirisha lile. Ndiyo negativi kongwe zaidi inayojulikana kuwapo hadi leo.

Basi hapo ugomvi ukaanza. Mwanga uliochora picha haukujua kuacha. Ukiitoa picha nje uifurahie, mwanga uliendelea kula zile sehemu nyeupe mpaka karatasi nzima ikawa nyeusi kama sufuria ya jikoni. Talbot aliizuia kidogo kwa chumvi kali. Rafiki yake John Herschel akamwonyesha mwaka 1839 dawa bora zaidi, ile ambayo wapiga picha waliizoea kwa jina la haipo. Dawa hiyo huosha fedha yote ambayo haijaguswa na mwanga. Jina lake linachekesha kwa Kiswahili, lakini lina ukweli wa kuumiza: haipo isiposafishwa vizuri ikabaki kwenye karatasi, baada ya muda picha nayo haipo.

Kabla hata hajatangaza kazi yake, Talbot alipata pigo. Tarehe 7 Januari 1839 ilitangazwa jijini Paris kwamba Mfaransa Louis Daguerre ameweza kunasa sura kwa mwanga juu ya bamba la fedha. Fikiria, msomaji! Miaka mitano unalima shamba lako kimyakimya, kisha asubuhi moja unasikia jirani amepeleka mahindi sokoni. Talbot alikimbia London, na kabla ya Januari kwisha akawa amesoma maelezo yake mbele ya Royal Society. Njia zao zilikuwa tofauti kabisa. Picha ya Daguerre ilikuwa moja tu, haizai. Negativi ya Talbot iliweza kuzaa nakala nyingi. Ila sifa za mwanzo zilimwendea Mfaransa.

Septemba 1840 aligundua kwamba karatasi iliyoonja mwanga kwa muda mfupi hubeba sura isiyoonekana, na dawa maalumu huweza kuifichua. Mwaka uliofuata alichukua hataza, yaani hati ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake bila kulipa. Hataza hiyo ilimletea lawama nyingi na hata kesi. Desemba 1854 baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba ndiye mvumbuzi, lakini likaona kwamba mpiga picha aliyemshtaki hakuvunja haki zake. Sitakaa sana hapo. Kilichomuuma zaidi, kwa maoni yangu, ni kingine.

Kati ya 1844 na 1846 Talbot alitoa kwa sehemu sita kitabu kiitwacho The Pencil of Nature, chenye picha 24 zilizochapwa kwa mwanga na kubandikwa moja moja kwa mkono. Mwaka 1846 wachapaji wake wakatoa nakala zipatazo 7,000 za picha kwa ajili ya jarida la sanaa. Nakala zikaanza kupauka. Nyingine ziligeuka manjano, nyingine zikafutika machoni pa wenyewe. Haikuwa kosa la jua pekee. Haipo haikuoshwa vizuri, karatasi zikashika unyevu, na fedha yenyewe ni kitu kinachoharibika. Lakini mtu aliyenunua picha hajali sababu. Anachoona ni kwamba aliuziwa kitu kisichodumu.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilimkumbuka nyanya na ncha ya leso yake.

Talbot angeweza kukaa na huzuni yake. Alikuwa na shamba, jumba, na sifa ya kutosha. Badala yake alijiuliza ni kitu gani juu ya karatasi kisichopauka. Jibu alikuwa nalo kwenye rafu za maktaba yake: wino wa vitabu vya kale. Wino huo ni masizi, na masizi hayaogopi jua wala miaka. Kwa hiyo alitaka mwanga uchonge bamba la chuma, kisha bamba lipakwe wino na kuchapa karatasi. Taabu ni moja. Mwanga hauna patasi. Utachongaje chuma?

Hapa ndipo ilipoingia jelatini. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza jeli tunayoilamba kwenye sherehe. Imeundwa kwa nyuzi ndefu, ndogo mno zisizoonekana. Ikipoa, nyuzi hukumbatiana na kuyateka maji katikati yake. Kitu cha namna hiyo, wavu laini uliojaa maji, wanasayansi wa leo hukiita haidrojeli. Ila kukumbatiana huko ni kwa muda tu. Ipashe moto kidogo, nyuzi zinaachana na jeli inakuwa maji. Ndiyo maana huyeyuka mdomoni hata kabla hujatafuna.

Mskochi Mungo Ponton alikuwa ameonyesha mwaka 1839 kwamba karatasi iliyopakwa potasiamu dikromati, ile chumvi ya rangi ya machungwa tuliyo nayo maabarani, hubadilika rangi juani. Talbot aliichanganya chumvi hiyo na jelatini, na mwaka 1852 akagundua jambo lililobadilisha kila kitu. Palipopigwa na mwanga, jelatini iliacha kuwa jeli ya kawaida. Iligoma kuyeyuka hata ikiwekwa ndani ya maji ya moto. Palipokuwa na kivuli iliyeyuka kama kawaida yake. Leo tunajua sababu. Mwanga huigeuza kromiamu iliyo katika chumvi ile, nayo kromiamu iliyogeuka hushika uzi huu na uzi ule na kuvifunga pamoja. Nyuzi zilizokuwa zimekumbatiana tu sasa zimefungwa fundo. Laini imekuwa imara.

Tarehe 29 Oktoba 1852 alichukua hataza ya njia hiyo. Alipaka jelatini yenye dikromati juu ya bamba la chuma cha pua, akaikausha, akaweka jani au kitambaa chepesi juu yake, akaanika juani kwa muda mfupi. Kisha akaosha. Jelatini ya kivulini ilitoka, ile iliyopigwa na jua ikabaki kama ngao. Alipomimina kioevu kinachokula chuma, kikachonga tu pale pasipo na ngao. Mwanga ulikuwa umepata patasi! Mwaka 1858 alichukua hataza nyingine iliyoboresha kazi hiyo, ambapo kioevu kilipenya kidogo au sana kulingana na jinsi jelatini ilivyokazwa, na hivyo kuleta weusi, weupe na kijivu cha katikati.

Unaona ajabu hiyo? Mwanga ule ule uliomharibia picha za kwanza kwa kutojua kuacha, sasa ndio uliokuwa ukiimarisha kazi yake. Hakumshinda adui. Alimpa ajira.

Wengine waliendeleza pale alipofikia. Mfaransa Alphonse Poitevin mwaka 1855 alichanganya masizi ndani ya jelatini yenyewe, akapata picha zisizopauka. Mcheki Karel Klíč akaikamilisha njia ya mabamba mwaka 1879. Talbot hakuuona ukamilifu huo. Miaka yake ya baadaye aliigawa kati ya mabamba yake na maandishi ya kale ya Waashuru, na mwaka 1857 alikuwa mmoja wa watu wanne waliotafsiri maandishi hayo kila mtu kivyake, tafsiri zao zikalingana kiasi cha kuwathibitishia wenye shaka kwamba kweli yanasomeka. Alifariki Lacock tarehe 17 Septemba 1877 akiwa na umri wa miaka 77, kazi ya mabamba ikiwa bado mezani.

Na kazi yenyewe haijafa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walieleza jelatini waliyoipachika vishikizo vidogo kwenye nyuzi zake. Huongezwa dawa ya kuamsha, ambayo ikipigwa na mwanga hupasuka na kutoa chembe zenye pupa ya kushikamana. Chembe hizo hukishtua kishikizo kimoja, nacho hushika cha pili, cha pili hushika cha tatu, mnyororo unaendelea hadi jeli nzima inakazwa. Kitendo hicho cha kuunganisha vipande kuwa mnyororo ndicho kinachoitwa upolimishaji. Jelatini ya kawaida ingeyeyuka kwenye joto la mwili la nyuzi 37, lakini hii hubaki imara. Kwa hiyo wanasayansi hupanda chembe hai ndani yake, wakitafuta njia ya kurekebisha gegedu na ngozi zilizoharibika. Wakizidisha mwanga jeli inakuwa ngumu zaidi, wakipunguza inabaki laini. Hawatumii dikromati, kwa kuwa ni sumu.

Nasi tulijaribu. Mwalimu alivaa glavu, akashika dikromati yeye mwenyewe, akatukataza kuigusa, nami nakukataza wewe usijaribu nyumbani, maana chumvi hiyo husababisha hata saratani. Alichanganya jelatini, dikromati na masizi, akapaka karatasi na kuikausha gizani. Tuliweka jani la kangaga juu yake, tukafunika kwa kioo, tukaanika jua la saa saba. Tulipotia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, lahaula! Tabaka lote lilibanduka likaelea kama ukoko wa uji. Kumbe masizi yalizidi. Mwanga uliishia juu juu bila kupenya hadi chini, kwa hiyo sehemu iliyogusana na karatasi ilibaki laini ikaachia. Wenzangu walianza kukusanya vitabu vyao. Mimi nilimwomba Mwalimu turudie. Mara ya pili masizi yakapunguzwa, na tabaka likapakwa jembamba. Beseni likageuka jeusi polepole, na jani likajitokeza jeupe juu ya weusi, mshipa kwa mshipa.

Likizo iliyofuata nilimpelekea nyanya jani lile. Nilimweleza yote, Talbot, jelatini na masizi. Alilitazama kwa muda mrefu, akalipitisha kidole, kisha akauliza kama njia hiyo ingeweza kumrudisha babu. Sikumdanganya. Nilimwambia kwamba kilichokwisha kupauka hakina wa kukirudisha, na kwamba aliyemtundika dirishani ni mimi. Alinijibu kuwa hilo alilijua tangu zamani, na kwamba kwa miaka ile yote ya sebuleni alipata kumsabahi mumewe kila asubuhi. Kisha akaniagiza nipeleke ile picha mjini ikanakiliwe kabla kilichosalia hakijaisha. Nilifanya hivyo. Macho hayaonekani vizuri, lakini mabega ni yake, na ule mketo wa kiaskari ni wake.

Mwenzangu, ikiwa kwenu kuna picha inayotazamana na dirisha, ihamishe leo. Na ikiwa kuna kazi yako iliyoharibika mbele ya watu, mkumbuke mzee wa Lacock. Alikuwa na umri wa miaka 52 alipoanza upya kwa jelatini. Nakala ya babu sasa iko chumbani, penye giza lake. Sebuleni, mkabala na dirisha, nyanya ametundika jani la kangaga. Hilo jua na lilipige litakavyo.